Kwako uliyeniuliza kuhusu nafasi moja

Sijui jina lako, wala sikuwahi kuliuliza, lakini shukrani zangu kwako nazitoa hapa hadharani.

Kwa siku tatu pakiti yangu ya R (lugha ya programu ya kuchambua takwimu) ilikataa katakata kujengwa. Kila nikiendesha R CMD build, amri ya kuijenga pakiti, jibu lilikuwa lilelile: kuna mstari wenye kasoro katika DESCRIPTION, faili la taarifa za pakiti. Nikailaumu kompyuta. Nikaondoa Rtools (zana za kujengea pakiti za R kwenye Windows), nikaiweka upya, nikafuta hata msimbo wa C++ ambao haukuwa na kosa lolote (naujutia mpaka leo). Wewe ukauliza jambo moja tu: mstari wa pili wa maelezo ya pakiti umeanza na nafasi tupu? Haukuanza. Kumbe maelezo yakizidi mstari mmoja, mistari inayofuata lazima isogezwe ndani, la sivyo R huuona kila mmoja kama kipengele kipya kisicho na jina. Nafasi moja! Siku tatu!

Ukaona pia kwamba jina la pakiti lina alama ya mstari wa chini (_). Kumbe zinakubaliwa herufi, tarakimu na nukta tu, na jina lianze kwa herufi. Hilo nalo lingenikwamisha.

Kilichonigusa zaidi, hukunitumia faili lililokwisha kurekebishwa. Uliniacha nihangaike mwenyewe na NAMESPACE, faili linalotaja kazi ambazo pakiti inawapa watumiaji, ukanikumbusha tu niendeshe R CMD check, amri ya kuikagua pakiti, kabla ya kushangilia. Limebaki onyo moja, la kurasa za msaada. Nalishughulikia usiku huu.

Ahsante sana, mwalimu wangu.