Gari Limeshusha Kasulu, Nani Anaulizia Mzigo wa Kurudi?

Sisi tunawapa wenye malori msaidizi wa mbali, anayepanga safari na mizigo ya gari kwa simu. Swali tunaloulizwa zaidi na wenye malori wa Kigoma na Tabora ni hili: mtu aliyekaa na kompyuta nyumbani kwake Mwanga, hapa Kigoma mjini, atalipangaje gari lililoko Kaliua, na dereva mwenyewe hajawahi hata kumwona? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba gari halipangwi kwa kuonana. Linapangwa kwa simu, makaratasi na ufuatiliaji, na hayo matatu ndiyo mwenye gari hukosa nafasi ya kuyafanya. Si kwa uzembe. Yuko gereji anabishana na fundi wa breki, yuko benki, yuko msibani, na simu iko mfukoni inaita.

Tuchukue safari ya kawaida tu. Semi limepakia saruji Dar es Salaam, limepita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, likafika Nyakanazi, likashika njia ya Kakonko na Kibondo, na limeshusha Kasulu saa nane mchana. Dereva anampigia bosi, simu haipokelewi. Anatuma ujumbe wa sauti. Bosi anausikia saa mbili usiku, anampigia dalali, dalali anasema kesho asubuhi atatoa jibu. Kesho asubuhi dalali ameshapata gari la mtu mwingine. Siku ya tatu posho ya njiani imeliwa, tandiboi amenuna, na bosi anakata shauri: "Rudi tupu, utaokota mzigo Kahama." Kilomita zote hizo dizeli inaungua na hakuna anayeilipia ila yeye.

Hapo katikati, baada ya kushusha na kabla ya kupakia tena, ndipo faida ya lori inapopotelea. Wengi wanaotujia hulalamikia bei ya mafuta na bei ya mzigo. Ni kweli zinauma, ila hizo huzipangi wewe. Saa ambazo gari limeegeshwa na hakuna aliyeuliza lolote kwa yeyote, hizo ni zako kabisa.

Msaidizi wa mbali tunayekupa anaanza kazi gari likiwa bado njiani. Semi likiingia Kakonko leo, leo hiyo hiyo anaanza kuulizia mzigo wa kurudi. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. Haya hapa ni ya aina tunayoyafanya kila siku:

"Habari za safari, kaka? Umefika wapi?"

"Salama, dada. Kakonko naiacha sasa hivi."

"Ukishamaliza kushusha nipigie picha ya sakafu ya tela, na turubai mlikunjue lote nilione. Kuna tumbaku Urambo inataka gari. Safari iliyopita mlibeba nini?"

"Turubai zima, sakafu nayo kavu. Ila safari iliyopita tulishuka na dagaa kwenda Dar."

"Basi tumbaku tuiache. Nakutafutia maharage hapo hapo Kasulu."

Mtu asiyejua kazi hii ataona kama msaidizi amekataa hela. Tumbaku huvuta harufu. Msimu wa masoko ukifika, marobota hutoka Urambo, Kaliua na Sikonge kwenda kwenye viwanda vya Morogoro, na mzigo ukifika unanuka samaki, au umelowa kwa sababu turubai lina tundu, ugomvi wake unamwangukia mwenye gari. Wengine hukataliwa hapo hapo pa kupakia, wakati wameshachoma mafuta kutoka Kasulu kupitia Kidahwe na Uvinza hadi Urambo. Picha ingeonyesha sakafu safi. Swali moja lililoulizwa mapema ndilo lililookoa safari. Mawese nayo ni hivyo hivyo: pipa likivuja kwenye mbao, gari hilo usilipeleke kwenye mzigo wowote wa magunia mpaka lisuguliwe.

Ndiyo maana anayetujia akisema "mimi nina GPS tayari" tunampongeza, halafu tunaendelea kuzungumza naye. GPS inakuonyesha kidoti kimesimama Uvinza. Haikwambii kama dereva amelala, anasubiri vijana wa kupakia, au anauza dizeli ya gari. Mtu lazima apige simu na aulize kwa adabu, maana dereva anayefokewa kila anapopokea simu hujifunza kuizima.

Wazee wa reli walilijua hili zamani. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na treni ilikuwa haiachwi iende tu. Stesheni moja inaiarifu ya mbele kwamba imeondoka, na ya mbele inasubiri kuipokea. Lori likitoka getini huwa halina stesheni. Linamtegemea mtu mmoja mwenye simu moja, na kati ya Uvinza na Kaliua kuna vipande ambavyo hata simu yenyewe haishiki. Kwa hiyo tunachofanya ni kuweka stesheni: dereva anajua atatafutwa wapi na saa ngapi, na akipitiliza muda bila kusikika, msaidizi hasubiri. Anatafuta gari jingine lililoko njia hiyo, anauliza kama wameliona, ndipo anamwamsha bosi.

Kuhusu uzito tutasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza hela ambayo ingezuilika kwa hesabu ya dakika mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela, zote hizo za nyuma zikiwa na tairi mbilimbili. Jumla tani 50. Zile tani 56 ambazo watu huzitaja kijiweni ni za gari lenye ekseli saba, si la kila mtu. Sasa mteja wa chumvi Uvinza anasema ana mifuko 640 ya kilo 50. Hiyo ni tani 32. Kama kichwa na tela tupu vina tani 19, umefika 51 na hata matairi hujayapasha moto. Msaidizi anamwambia mteja apunguze mifuko 20 kabla vijana hawajaanza kupakia, na anamkumbusha dereva asijaze nyuma akaacha mbele, maana jumla inaweza kuwa sawa na ekseli moja ikazidi. Ukishafika mizani ya Njuki, Nala, Mikese au Vigwaza, huwezi kusema vijana walipakia wakati umelala.

Makaratasi ya mzigo wa nje tutayapitia haraka. Mzigo wa Kongo unaoishia bandari ya Kigoma kwenda kuvushwa Kalemie una nyaraka zake za forodha, na wakala wa forodha ndiye mwenye kazi hiyo, si sisi. Msaidizi anachofanya ni kuhakikisha namba ya gari, ya tela na ya kontena kwenye karatasi zinafanana na zilizoko barabarani, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa gari linalala. Anayevuka Manyovu kuingia Burundi anaulizwa siku kadhaa kabla: bima ya COMESA, ile kadi ya njano, inaisha lini? Hati ya kusafiria ya dereva je? Leseni ya gari ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini? Tarehe hizo zote tunaziweka kwenye kalenda siku ya kwanza unapojiunga, na utakumbushwa mpaka utuchoke.

Kazi yenyewe hatukuibuni sisi. Marekani, mwaka 1978, kituo cha malori cha Jubitz mjini Portland, Oregon, kilianza kuonyesha kwenye skrini orodha ya mizigo inayotafuta gari, ili dereva anayepumzika ajue nini kinaenda wapi. Kutokana na hapo ikakua DAT, huduma ya kukutanisha mizigo na magari, ambayo leo iko mtandaoni. Wenye malori wadogo wa huko humlipa dispacha, yaani mtu anayewatafutia mizigo na kuwapangia safari, asilimia fulani ya malipo ya kila mzigo, na baadhi ya wasaidizi wa madispacha hao wako Ufilipino, wanafanya kazi usiku wa kwao ili iwe mchana wa Marekani. Kwetu hakuna ubao mmoja wa namna hiyo. Kuna magrupu ya WhatsApp, kuna madalali, kuna maghala, kuna vyama vya ushirika vya wakulima, na kuna kijiwe. Msaidizi wetu anazungukia vyote hivyo kwa simu, na dalali wako wa miaka yote hatumnyang'anyi kazi. Akileta mzigo mzuri, analipwa kamisheni yake kama kawaida.

Asilimia tumeikataa. Ina uzuri wake, dispacha anapigania bei kwa sababu na yeye anakula humo. Ila ina tabia moja mbaya: anayelipwa kwa mzigo anataka upakie leo, wowote ule, hata ule wa Tabora unaokutoa kwenye mzigo wa Dar uliokuwa unakuja kesho. Sisi tunatoza kwa gari kwa mwezi. Gari likiwa gereji mwezi mzima, hulipi mwezi huo.

Kuna mambo ambayo msaidizi hafanyi, na ni vizuri uyajue kabla hujapiga simu. Hakubali bei bila wewe. Anakuletea mizigo aliyoipata, bei, mahali pa kushushia na anayelipa, unachagua. Hagusi pesa yako. Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki hatuihitaji, na yeyote atakayekupigia akaiomba kwa jina letu ni tapeli. Malipo ya mzigo yanaingia kwako moja kwa moja. Kazi yake ni kumfuata mteja akiwa na ile karatasi ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na kupigwa muhuri, ambayo dereva ameipiga picha kabla hajaondoka, siyo ile inayozunguka chini ya kiti wiki mbili halafu inapatikana ina alama ya chupa ya soda.

Utapeli wa madalali hewa nao umezidi. Mtu anapiga simu, ana mzigo mnono Kibondo, bei tamu, anataka "hela ya kushikia foleni" itumwe sasa hivi. Msaidizi hamwamini mpaka apate namba ya ghala lenyewe kwa njia nyingine, apige, na mwenye ghala athibitishe kwamba mzigo upo na huyo mtu anamjua. Mara nyingi ukiomba jina la ghala, simu inakatika yenyewe.

Taarifa za madereva, yaani leseni, namba ya NIDA na namba za simu, tunazitunza tukijua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwa lugha ya kawaida: dereva anaambiwa tunashika nini na kwa kazi gani, hatumpi mtu asiyehusika, na akiacha kazi kwako tunafuta. Tunaomba na wewe usimwage picha ya leseni yake kwenye grupu lenye watu mia mbili.

Nani asituhitaji? Mwenye fuso moja la mchanga na kokoto hapa mjini, anayeliendesha mwenyewe, hela yake aweke kwenye matairi. Vilevile kampuni yenye mkataba wa kudumu, gari linatoka na kurudi na mzigo ule ule kila wiki, haitapata kikubwa kwetu. Tunamfaa zaidi mwenye magari mawili hadi kumi yanayokwenda mbali, ambaye bado anapanga kila kitu kwa simu yake mwenyewe huku ana shughuli nyingine.

Ukitaka kuanza, tutumie WhatsApp picha za kadi za gari na tela, uzito wa gari likiwa tupu (kama huujui, pima kwanza, usikisie), tarehe za bima na leseni, namba za madereva na mizigo usiyoitaka kabisa. Halafu waambie madereva wako wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba kuna dada au kaka atakuwa anawapigia. Dereva aliyeambiwa na bosi hupokea simu. Tunaanza na gari moja kwa mwezi mmoja, lile linalokusumbua zaidi, na msaidizi anakutumia taarifa mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Usiku anakupigia kwa ajali, kukamatwa, kuharibika kwa gari au dereva asiyesikika tu.