Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, pamoja na lile suala la safari ya vasi

Asalaam alaikum na habari zenu wote.

Ya kawaida nayapitisha haraka maana mnayajua. Vikao vinne tumefanya, futari tumefanya, msiba mmoja tumesimama nao, rambirambi pauni 300 imefika. Daftarini tuko 43, waliolipa ada 19, kikao cha Novemba tulikaa 8 ukihesabu na watoto wawili wa katibu.

Sasa safari. Nimesemwa sana kwenye grupu eti hela ya nyama choma nimeipeleka kuangalia mitungi ya Wazungu. Kwanza mitungi yenyewe ya Wachina, imetoka Jingdezhen enzi za mfalme Kangxi aliyefariki 1722, Wazungu walinunua tu wakapanga kwenye majumba yao. Pili, basi la watu 49 pauni 620, tiketi 238, jumla 858, na kikao kilichopitisha ndo kile ambacho hamkuja, sasa mnanilaumu kwa kura ambayo hamkupiga? Tukaenda 17, viti vingine vikabeba makoti.

Waliokuja waulizeni. Ile vasi ya bluu ukiinama karibu unaona vitone vitone kama vumbi, maana fundi hakupaka kwa brashi, alipuliza rangi kwa mwanzi uliofungwa shashi mdomoni. Dhahabu inakuja mwisho kabisa, juu ya ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, inachomwa tena kwa moto mdogo ndo maana haishiki sana, ukifuta futa miaka mia tatu inaondoka. Tumboni mwa vasi maua ya dhahabu yalishatoka, umebaki mchoro unaouona ukisimama upande wa dirisha tu, ila shingoni ambako kitambaa hakifiki dhahabu bado inawaka. Mama mmoja wetu aliganda pale mpaka mlinzi akaja kumchungulia. Mi nikakumbuka mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi. Na punguzo la tiketi, semeni mtakavyo, nilipiga simu mara tano mwenyewe.

Mnaosema ghali, mwaka 1717 Augustus mtawala wa Saxony alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi akachukua vyombo vya kauri 151. Sisi hatujatoa mtu, na risiti ninazo.

Mwakani inshallah tutaangalia, labda Dresden, mji wa huyo Augustus kule Ujerumani, labda nyama choma, itategemea ada. Majina 24 ya wasiolipa anayo mweka hazina, ni pauni 20 tu jamani, msinilazimishe niyasome mkutanoni.