Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara yangu: naomba kazi yangu isomwe

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Shikamoo, Mwalimu.

YAH: KUACHWA KWA JINA LANGU KATIKA ORODHA YA WANAOWANIA HESHIMA YA IDARA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizifikisha mwenyewe kwa katibu muhtasi wako, zikaingizwa kwenye daftari na kugongwa muhuri: tarehe 21 Novemba, tarehe 14 Januari na tarehe 3 Machi. Nakala zake ninazo. Hii ya nne naiandika hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ngazini. Ina majina sita na langu halimo. Niliisoma mara tatu nikifuatisha kwa kidole, watu wakiwa nyuma yangu wanasubiri zamu yao ya kusoma.

Nilipanda ofisini. Katibu muhtasi, ambaye siku zote amekuwa mwema kwangu, alitoa jalada akaniambia fomu yangu haina saini ya msimamizi, kwa hiyo kamati haikuifikiria. Nikamuuliza, hata ripoti yangu ya utafiti haikufunguliwa? Akasema, "Mdogo wangu, bahasha bado imefungwa." Akanionyesha. Gundi ilikuwa vile vile nilivyoipaka mwezi Machi.

Ni hiyo bahasha iliyonifanya niandike hapa. Ningeweza kuvumilia kuambiwa kazi yangu ni dhaifu. Kuambiwa haijafunguliwa, siwezi.

Mwalimu, naomba nikukumbushe. Wiki yetu ya kwanza chuoni, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa madirishani, ulisimama ukatueleza kwamba ulipokuwa unasoma Marekani uliona vyuo vya huko vinampa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe chini ya mwalimu mmoja, akaandika tasnifu, akaitetea, na akifaulu idara yake inamtunuku heshima inayoandikwa kwenye rekodi zake. Ukauliza kwa nini jambo hilo lisifanyike hapa Moshi, chini ya mlima ambao watafiti wanavuka bahari kuja kuchunguza mimea na wadudu wake. Ukataja masharti: wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 mwisho wa mwaka wa pili, msimamizi, mihula miwili ya kazi, ripoti, na kuitetea mbele ya walimu watatu. Kisha ukasema maneno niliyoyaandika siku ile ile nyuma ya daftari langu: "Atakayetimiza upande wake, idara itatimiza upande wake."

Nimetimiza upande wangu. Wastani wangu ni 4.1. Na utafiti niliufanya.

Niruhusu niueleze, kwa kuwa hakuna mtu wa idara aliyewahi kuniuliza tangu Novemba. Nilichunguza viluwiluwi wa mbu wa malaria katika mashamba ya mpunga ya Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ile iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, inayotumia maji ya mito ya Njoro na Rau. Maji hayawatoshi wakulima wote kwa mara moja, kwa hiyo wanapeana zamu. Matokeo yake, ukitembea nusu saa tu juu ya matuta unakutana na mashamba ya kila rika: hili limevurugwa jana, lile limepandikizwa juzi, la tatu mpunga wake umefika kiunoni. Inafahamika kwamba mbu wa Anofelesi wa huku, ndio hao wa malaria, wanapenda kutaga kwenye maji yanayopigwa na jua, na mpunga ukishafunga kivuli hupungua. Mimi nilitaka kujua wanaanza kupungua wiki ya ngapi tangu kupandikiza, na kama zamu ya maji inapochelewa hesabu hiyo inabadilika. Mkulima akizijua wiki za hatari, ndizo atakazoweka nguvu zake, badala ya kuhangaika msimu mzima.

Nilianza Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 20 Agosti. Niliichagua makusudi, kwa sababu ni tarehe 20 Agosti 1897 ambapo Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu, na nilitamani daftari langu lianzie jirani na siku hiyo. Kutoka hapo hadi mwisho wa Februari nilikosa Jumamosi mbili tu: moja tulimzika babu Kibosho, nyingine nilikuwa kitandani na homa.

Kazi yenyewe inaonekana rahisi kwa anayepita barabarani. Una kata ya mililita 350 yenye mpini mrefu, unachota mara 10 kila shamba, unahesabu, unaandika. Lakini lazima ukae upande ambao kivuli chako hakiangukii maji, maana kiluwiluwi akiona kivuli anazama, na wewe utaandika sifuri isiyo ya kweli. Lazima usubiri uso wa maji utulie. Kiluwiluwi wa Anofelesi hana mrija wa kupumulia, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Wa Kuleksi, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini. Mwezi wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa nainama hadi mgongo unakataa. Kufika Oktoba nilikuwa nawatofautisha nikiwa nimesimama. Shangazi yangu anayelima kule alikuwa akija na chai kwenye chupa, anakaa tutani ananitazama. Siku moja akaniuliza, "Hao mbu unaowahesabu, utawaua lini?" Nikamwambia, shangazi, nahesabu kwanza ili anayewaua ajue aende wapi. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kunionyesha ni mashamba gani yalipandwa lini, na kumbukumbu yake ilikuwa sahihi kuliko ya ofisi yoyote.

Nauli, buti za mpira, chupa, spiriti, vyote nilivinunua kwa pesa ya kujikimu ya mkopo. Ilipokwisha, mama aliniongezea kutoka kwenye ndizi anazouza sokoni Mbuyuni. Sikudai senti kwa idara, wala sidai leo.

Sasa niseme habari ya mabeseni, ambayo niliiandika kwenye barua ya kwanza na haikujibiwa.

Mwezi Oktoba nilikuwa na mabeseni 12 kwenye maabara ya pili. Nilikuwa nawalea viluwiluwi hadi wawe mbu kamili ili niwatambue vizuri. Nilikuwa nawalisha chakula cha samaki kilichosagwa, asubuhi kabla ya kipindi na jioni baada ya kipindi. Inachukua kama wiki mbili kutegemea joto, na walikuwa wamebakiza siku mbili au tatu. Alhamisi tulitangaziwa kwamba kesho yake kuna wageni wa ukaguzi. Ijumaa jioni nilikuta mabeseni yameoshwa, yamepangwa kifudifudi juu ya meza, yananukia sabuni. Karatasi zangu za utambulisho zilikuwa kwenye pipa la taka. Mama anayefanya usafi aliniambia alielekezwa amwage maji machafu yote yaliyopo maabara. Yeye simlaumu hata kidogo. Lebo zangu zilikuwa za vifupisho ambavyo hakupaswa kuvijua. Aliyetoa agizo alivijua. Nilikaa sakafuni nikalia, na Jumamosi alfajiri nikarudi Mabogini kuanza upya.

Novemba msimamizi wangu alipata nafasi ya kusoma uzamivu nje ya nchi. Nilifurahi kwa ajili yake, na bado nafurahi. Kabla ya kuondoka aliacha barua ofisini kwako akiomba nipangiwe mwalimu mwingine. Hakuna aliyepangwa. Mbu wa kundi la gambiae huwezi kuwatenganisha kwa macho, hata ukiwa na hadubini. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wanafanana kabisa, inabidi kipimo cha PCR, kinachosoma vinasaba vyao. Na kwa Mabogini tofauti hiyo ina maana, kwa sababu arabiensis, ambaye watafiti wamemkuta ndiye mwenye eneo lile, huuma pia nje ya nyumba na hunyonya damu ya ng'ombe kama ya watu, hivyo chandarua peke yake hakimmalizi. Niliomba nafasi kwenye mashine ya idara. Nikajibiwa kwamba maombi huletwa na msimamizi. Nikasema sina msimamizi. Nikajibiwa niandike barua. Niliandika. Ndiyo maana ripoti yangu inaishia kusema "kundi la gambiae" na haiendi mbele zaidi ya hapo. Nimelieleza hilo waziwazi kwenye sura ya mwisho. Sampuli zimekaushwa, ziko kwenye vichupa vidogo chumbani kwangu hosteli, chini ya kitanda, ndani ya kopo la maziwa.

Tarehe 14 Januari, nilipoleta barua ya pili, tulikutana mlangoni kwako. Ulinisikiliza umesimama, na uliniambia kwa upole, "Usijali binti, nitalishughulikia ndani ya wiki hii." Niliamini. Niliwapigia nyumbani nikawaambia limekwisha. Wiki zilizopita tangu siku hiyo ni 17.

Wenzangu wanasema mwalimu halipwi chochote kwa kumsimamia mwanafunzi mmoja mmoja, ilhali mradi wa kikundi unamaliza wanafunzi watano kwa saini moja. Nadhani ni kweli. Nadhani pia mpango huu uliandikwa vizuri kwenye makaratasi kabla hajapatikana mtu wa kuuendesha. Tulianza watu tisa. Mmoja alikuwa anachunguza mnyauko wa migomba kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya kwao. Alipokosa msimamizi muhula mzima, akahamia mradi wa kikundi, na yale mashamba aliyoyatembelea miezi mitano yamebaki kwenye simu yake kama picha. Hakupigana. Mimi napigana, na kuna usiku nafikiri kosa ni langu, kwamba kama ningekuwa na mzazi wa kupiga simu ofisini kwako badala ya mzazi wa kuuza ndizi, bahasha ingefunguliwa. Nisamehe kama nakukosea kwa kufikiri hivyo. Ukimya wa miezi sita unamfanya mtu afikiri mengi.

Wale sita waliomo kwenye orodha nawapongeza kwa moyo wote. Nimewaona wakifanya kazi. Siombi mmoja wao atolewe.

Wapo walioniambia niachane na jambo hili kwa kuwa shahada nitapata hata hivyo. Ni kweli nitapata. Lakini daraja la kwanza linaanzia 4.4, na mimi sitalifikia. Mlango wangu ulikuwa huu. Fomu za ufadhili wa shahada ya uzamili zinauliza umefanya utafiti gani mwenyewe, na nani anathibitisha. La kwanza ninalo. La pili liko mikononi mwako. Na hata kama fomu hizo zisingekuwepo, niliwaambia watu wa Mabogini kwamba nitawarudishia majibu. Walinipisha kwenye mashamba yao nikakanyaga mpunga wao miezi sita. Sitaki kuwapelekea majibu ambayo chuo changu hakijayatazama, kwa sababu kama nimekosea hesabu mahali, wao ndio watakaolinda wiki zisizo sahihi.

Katika barua ya kwanza niliomba msimamizi mpya, nafasi ya PCR, na maelezo kuhusu mabeseni. Katika ya pili niliomba msimamizi na PCR. Katika ya tatu niliomba msimamizi. Yote hayo sasa nayaweka kando. Naomba kazi yangu isomwe.

Mteue mwalimu yeyote, hata ambaye hajawahi kunifundisha, hata mwenye sifa ya kunyima alama. Aisome. Akiona haifai, aniandikie kwamba haifai na kwa nini, nami nitaipokea barua hiyo kwa mikono miwili. Nikiitwa kuitetea mbele ya watatu, nitakuja kwa notisi ya saa moja. Kama kanuni inadai saini ya msimamizi, msimamizi wangu yupo, anajibu barua pepe, ameniambia yuko tayari kusaini akitumiwa fomu na ofisi yako. Fomu hiyo hutumwa na ofisi. Mimi siwezi kuituma. Naomba isomwe, Mwalimu. Sina ombi la pili.

Seneti inakaa tarehe 30 mwezi huu. Ripoti ina kurasa 64, na michoro ni mingi. Mtu anaimaliza kwa siku moja. Bahasha iko kwenye kabati la kijivu nyuma ya meza ya katibu muhtasi, rafu ya pili kutoka juu, upande wa dirishani. Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Nitakuja na madaftari yangu manne ya shambani, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kulinganisha hesabu za kwenye ripoti na zile nilizoandika nikiwa majini. La pili lilidondokea kwenye mfereji mwezi Desemba na kurasa zake zimekakamaa, lakini niliandika kwa penseli, kwa hiyo zinasomeka zote.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Sayansi za Baiolojia,
Moshi.