Wanawake wa riwaya hufa bila chanzo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia mjadala wa kurasa zenu za fasihi kuhusu namna wanawake wanavyochorwa katika riwaya zetu za siku hizi. Wachangiaji wengi ni wahadhiri, na ubishi umekuwa kama mhusika wa kike ni jasiri au ni mnyonge. Mimi ni mkunga mstaafu. Riwaya nyingi nimezisomea zamu za usiku, wodi ikitulia, na kero yangu ni nyingine: wanawake wa vitabuni wanakufa hovyo, na hakuna anayemuuliza mwandishi wamekufa kwa nini.

Tazama uzazi unavyosimuliwa. Mama anashikwa na uchungu. Aya inayofuata tuko nje, kwenye korido, mume anakwenda mbele na kurudi nyuma. Mlango unafunguliwa, daktari anavua miwani (sijui kwa nini madaktari wa riwaya wote huvaa miwani), anatikisa kichwa, anasema wamejitahidi. Ukifungua sura inayofuata, mtoto ameshaanza shule. Yaliyotokea ndani hatuambiwi.

Mwandishi anayebaki koridoni anapoteza mengi. Uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12 na kuzidi kabla njia haijafunguka sentimita 10. Muda wote huo mwanamke yuko macho, ana akili zake na ana mdomo. Anatukana, anacheka, anaomba maji, anakumbuka ugomvi wa zamani na kuumaliza pale pale kitandani. Mmoja alinieleza namna atakavyomlipa shemeji yake deni la cherehani: mwezi huu kiasi gani, mwezi ujao kiasi gani, faida ya sare za shule atakazoshona, nani asiambiwe. Uchungu ulipokuja alinyamaza, akaubana mkono wangu, akapumua. Ulipoachia akaendelea na hesabu kuanzia pale pale alipoishia. Mwanamke wa namna hiyo bado namtafuta kwenye riwaya. Ninaowakuta wanapiga mayowe tu.

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe. Mzazi hafi kwa sababu amezaa. Anakufa kwa damu isiyokatika, labda mfuko wa uzazi umelegea baada ya mtoto kutoka au kondo la nyuma limekwama. Anakufa kwa kifafa cha mimba, kwa maambukizi, kwa uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, kwa mimba iliyotolewa vichochoroni. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, vifo vitokanavyo na uzazi vilikuwa 287,000 mwaka 2020, na kama asilimia 70 vilitokea Afrika kusini mwa Sahara. Vingi vinazuilika. Katika kazi yetu, mama akifariki tunatafuta ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Nyuma ya kila ucheleweshaji kuna watu. Nani alisema asubiriwe mwenye nyumba arudi ndipo mgonjwa atoke? Nani alikuwa na pesa ya gari akasema hana? Muuguzi gani alimwambia "bado sana, kalale"? Naam, na sisi tumo. Humo ndimo jamii nzima ilimo, pamoja na ndoa yake, umaskini wake na serikali yake, halafu mwandishi anafunga hadithi kwa kusema Mola alimpenda zaidi. Kwenye mazishi maneno hayo ni faraja na sina ugomvi nayo. Kwa mtunzi wa riwaya ni uvivu.

Wala si kwamba haiwezekani. Said Ahmed Mohamed aliliweza katika Utengano, mwaka 1980. Tamima yuko kwenye uchungu ndani ya nyumba ambayo mumewe, Maksuudi, ameipiga marufuku kuingiza mkunga. Biti Kocho, mtumishi, anavunja amri na mkunga analetwa. Malipo ya Tamima ni talaka. Pale msomaji anaona waziwazi kwamba uhai wa mzazi unaweza kutegemea ruhusa ya mtu mmoja, na kwamba aliyethubutu kumwokoa ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote nyumbani. Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika kama vile Maksuudi amesimama mlangoni mwa wodi yangu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa muda, nayo inamuua mhusika wake: Rosa anajiua. Lakini Kezilahabi alitafuta chanzo. Alirudi nyuma mpaka kwa Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, na akamweka kwenye hesabu. Wengi waliokuja baadaye wamechukua kifo cha Rosa na kumwacha Zakaria nyumbani. Msichana anapotea njia, anapata mimba, anaitoa, anakufa, basi. Msomaji wa kidato cha tatu anafunga kitabu akijua kwamba msichana aliadhibiwa, na hajui kwamba kilichomuua ni uchafu wa vifaa na hofu ya kumwambia mtu mapema.

Halafu kuna hizi mimba za usiku mmoja. Hata wanandoa wenye afya njema wanaotafuta mtoto kwa makusudi, uwezekano wao kwa mwezi ni kama robo hivi. Riwayani msichana akikosea mara moja, mimba haikosi. Na akitapika kwenye ukurasa wowote ule, mtaa mzima tayari unajua. Mimba ya mara moja ipo, nimeipokea mingi. Ila ikiwa kila kitabu kinaitumia, si maumbile tena hayo, ni fimbo.

Nawapa heri wanaoanza kubadilika. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Neema na Mwangemi wanamlea Mwaliko, mtoto wa kupanga, na Neema hafukuzwi kwa kukosa wa tumboni. Jambo dogo, lakini kwenye kliniki nimewaona wanawake wengi waliohitaji kusoma ukurasa kama huo.

Ombi langu ni kwa mhakiki wenu. Akipelekewa riwaya nyingine ambayo mama anafia sura ya kwanza, kabla hajasifu lugha yake tamu, atueleze kama mwandishi ametaja chanzo cha kifo, na mama alikaa na uchungu saa ngapi kabla mtu hajaamua kumpeleka. Kama havimo, aandike hivyo kwenye uhakiki. Na mwandishi asiyejua mambo haya awaulize wakunga. Wastaafu tupo wengi, na tunapenda kuongea.

Mkunga mstaafu
(Jina lihifadhiwe)