Juana wa Castilla msimuite kichaa

Mhariri,

Makala yenu ya malkia wa zamani nimeisoma yote na nimeipenda, ila mlipofika kwa Juana wa Castilla, ufalme uliokuwa Hispania ya leo, mkaandika "Juana Kichaa" kama vile ndo jina alilopewa na mamake, hapo pameniuma na nimeshindwa kunyamaza.

Ushahidi wa huo ukichaa ni upi? Novemba 1503, ngome ya La Mota, Medina del Campo. Juana ana miaka 24, mume wake Philip na watoto watatu wako mbali Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, mama yake malkia Isabel hataki aondoke, geti likafungwa. Binti akagoma kurudi ndani, akakesha nje kwenye baridi. Wakasema akili imemruka. Lakini mwaka uliofuata si walimwachia akaenda? Hasira yake ndo kitu pekee alichokuwa nacho mkononi na akaitumia ikafanya kazi.

Afu Isabel akafa, Juana akarithi, ndo balaa likaanza. Juni 1506 baba yake Fernando na huyo mume wake, watu wawili waliokuwa wanagombania Castilla yake, wakaandikiana mkataba kule Villafáfila kwamba Juana hawezi kutawala. Yaani daktari na mfaidika ni mtu huyohuyo! Wawakilishi wa miji walipokutana Valladolid mwezi uliofuata walimwapia yeye kama malkia, hilo halisimuliwi sana.

Kinachosimuliwa ni jeneza. Philip akafariki Septemba, Juana mjamzito, akasafiri na maiti usiku, wote tunaijua stori. Ila marehemu alitaka azikwe Granada, na mjane anayesindikiza jeneza la mumewe huwezi kumuozesha kirahisi, wakati Henry VII wa Uingereza alikuwa anamtaka. Na Desemba hiyohiyo, katikati ya msiba, alifuta zawadi na vyeo ambavyo Philip aliwagawia watu wake. Kichaa gani anakumbuka kufuta hizo?

Linganisheni na Charles VI wa Ufaransa. Mwaka 1392 karibu na Le Mans alichomoa upanga akaua watu wa msafara wake mwenyewe, na kila akipata nafuu alirudi kwenye kiti chake, hivyohivyo miaka 30 mpaka 1422, na kuna jina lingine wanalomwita, Mpendwa. Juana hakuua mtu. Yeye baba yake alimfungia kwenye mji wa Tordesillas mwaka 1509 na mwanawe Carlos alipokuja akaacha mlango umefungwa vilevile.

Sisemi hakuwahi kuugua, huzuni alikuwa nayo na kufungiwa kote kule kungemharibu yeyote. Ila kuna kisa kimoja kila nikikikumbuka nasikia uchungu. Kitindamimba wake Catalina alikuwa anaishi naye humohumo kifungoni, na njia ya kufika chumba cha mtoto inapita kwa mama. Mwaka 1518 watu wa Carlos wakatoboa ukuta nyuma ya pazia wakamtoa mtoto usiku. Juana alipokuta kitanda kitupu akagoma kula, akagoma kunywa, akagoma kulala, mpaka Carlos, mfalme mzima, akamrudisha mtoto. Waliita wazimu, mi naona ni mama aliyejua vizuri kabisa ni nini kitamtikisa mwanawe.

Na 1520 waasi wa miji waliompinga Carlos walipoingia Tordesillas wakamwomba asaini tu karatasi zao, saini ingemwondolea mwanawe taji na yeye ingempa uhuru, aliwasikiliza, akaongea nao vizuri, na hakusaini hata moja.

Amefariki Aprili 1555 akiwa na miaka 75, na mpaka siku hiyo nyaraka za Castilla zilikuwa zinatoka kwa jina lake pamoja na la mwanawe. Naomba toleo lijalo mrekebishe, muandike Juana wa Kwanza, malkia wa Castilla.

Msomaji wenu wa siku nyingi