Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Aliyerudia unga bado ni mgonjwa wako

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kukuandikia hadharani. Barua mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na mhuri huo ndio jibu pekee nililopata hadi leo.

Jumanne iliyopita tumemzika mwenzetu. Aliishi na VVU kama mimi, na alikuwa na siku tisa tu tangu atoke gerezani. Miezi kumi na sita alikaa ndani bila kugusa unga, yaani heroini. Alipotoka akarudia, akajipimia kipimo chake kilekile cha zamani, akajifungia chooni. Hakuna aliyemwambia siku anafunguliwa kwamba mwili ukikaa muda bila unga huusahau, na kipimo alichokizoea sasa kinaweza kumuua. Wataalamu wako wanajua kwamba wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani au soba, zile nyumba za kuachia unga, ndizo za hatari zaidi. Wanajua sana. Sisi wa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, tukikosa dozi siku kadhaa mfululizo haturudishiwi ileile, tunashushiwa kwanza. Sasa mnaojua kuhesabu siku tatu nne, miezi kumi na sita iliwashindaje?

Tulivunja mlango. Midomo ilishabadilika rangi. Ipo dawa inaitwa naloksoni, inamrudishia pumzi aliyezidiwa na unga, na Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 wapewe hata watu wa kawaida wanaoishi na watumiaji. Kwetu sisi imefungiwa kabatini hospitali. Kufuli ni zima kabisa, hongereni.

Siku ya Ukimwi Duniani ulisimama ukaahidi kwamba hataachwa mtu. Marehemu alikuona kwenye televisheni ya gerezani, alinisimulia mwenyewe, na alifurahi.

Niseme na yangu. Nina miaka kumi na moja kwenye ARV, na kwa muda mrefu vipimo vyangu vilikuwa vinaonyesha virusi havionekani. Mwaka jana nilirudia unga. Sijisifu. Nilikwenda kliniki tarehe yangu, nikasema ukweli, maana mabango yenu ukutani yanatuhimiza tuwe wakweli. Nikaambiwa nikaache kwanza, nikishaacha ndiyo nirudi kuchukua dawa. Nilikaa miezi miwili na nusu bila kidonge. Virusi havisubiri mtu atubu, Mheshimiwa. Ukikata dawa, kwa kawaida wiki chache tu vinapanda. Vilipanda. Mdomo ukajaa utando mweupe, nguo zikanipwaya, mama yangu akaanza kunitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Na hapo sijasema habari ya sindano: mwenye virusi vingi akichangia bomba, anawagawia wenzake.

Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa kuwasimamishia watu ARV kwa vipindi ulikatizwa, kwa sababu waliosimamishwa waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea. 2006! Aliyenirudisha nyumbani mikono mitupu alikuwa anafuata mwongozo upi?

Hata kurudia kwenyewe, mimi nina mashaka nako. Zamani nilipokuwa natumia efavirenzi, moja ya ARV, pamoja na methadoni, wiki ya pili tu arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilinikamata: mifupa, jasho, kuhara, usingizi hakuna. Nikaambiwa sina nia. Kumbe efavirenzi hulifanya ini liimalize methadoni upesi, na wangenipandishia dozi ningetulia. Sikupandishiwa, nikaenda kujitibu mtaani. Naamini wako wengi waliorudia hivyo, wakaitwa mateja wasiosikia. Kwa wanaotumia ritonaviri, ARV nyingine, mambo ni kinyume, inazuia ini lisivunje baadhi ya vilevi na vidonge vya usingizi, mtu anameza kidogo anaanguka kama aliyemeza rundo. Anayetupa dawa anapaswa kutuuliza tunatumia nini kingine. Haulizi, labda anaogopa akiuliza itabidi atuhudumie.

Naloksoni tunaitaka, tena mikononi mwetu. Sindano safi tunazitaka. Anayefunguliwa gerezani aambiwe habari ya kipimo, aondoke na ARV zake mkononi. Lakini najua bajeti, najua vikao, najua na michakato yenu. Basi kama yote hayo ni mazito, nipe moja tu: mtu akirudia, apewe ARV zake siku hiyohiyo. Asiambiwe aache kwanza. Hilo halihitaji jengo wala wafadhili. Ni waraka wa ukurasa mmoja na sahihi yako. Apewe dawa zake. Hata akija ananuka, hata akija anasinzia, apewe dawa zake.

Usiku wa mazishi nilirudia tena. Naandika mwenyewe ili usije ukaletewa na wapambe kama siri yangu. Sikuwa peke yangu, nilianza na kidogo sana, sindano ilikuwa mpya. Hayo nimejifunza kwa wenzangu, si kwa wizara.

Alhamisi ni tarehe yangu ya kliniki. Dawa zilizobaki ni za siku nne. Nitaulizwa kama natumia. Mheshimiwa, unanishauri nijibu nini?

Wako mtiifu,
Mwenye kadi ya kliniki