Mjomba aliacha vidonge vya presha kwa kuamini saa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo huku Mtwara limeenea na naona watu wanaumia kimyakimya.

Hizi saa za mazoezi, zile zinahesabu hatua na mapigo ya moyo, zimejaa sokoni na msimu wa korosho ukilipa ndo usiseme kabisa. Mjomba wangu alinunua yake elfu 35, muuzaji akamwambia inapima mpaka presha na sukari, basi mzee kila akiamka anabonyeza, leo 120 kwa 80, kesho 118 kwa 79, akaona kapona, vidonge akaviweka pembeni. Mwezi mzima! Kichwa kilipozidi kumuuma tukampeleka zahanati, mashine ya mkanda ikasoma 182 kwa 104. Niliporudi nyumbani nikaivua ile saa nikaifunga kwenye muhogo, Mhariri, muhogo mbichi wa shambani, ikanipa mapigo 74 na presha 119 kwa 78.

Chini ya hizo saa kuna vitaa vya kijani, mwanga unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya, kila moyo ukipiga mwanga unaorudi unapungua kidogo na saa inahesabu hayo mabadiliko. Kwa hiyo mapigo inaweza kuyapata kweli. Ila presha, hizi saa za bei chee zisizobana mkono zinabahatisha tu, na sukari ndo kabisa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Na hayo mapigo nayo ukivaa vibaya unadanganywa. Mimi nakimbia taratibu na kina mama wenzangu asubuhi kule Shangani ufukweni, saa nilikuwa naivaa inacheza kama bangili, siku hiyo naangalia nakuta 166. Nina miaka 52, ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mwisho wa mapigo ya moyo, inanipa 168, nikajua nakufa, nikasimama natetemeka wakati pumzi ninayo na dakika ile ile nilikuwa napiga stori. Mwenzetu mmoja ni nesi, akanishika mkono, vidole viwili chini ya kidole gumba, sekunde 15 akahesabu 30, mara nne ni 120. Kumbe saa ikilegea inashika mtikisiko wa miguu inadhani ndo moyo, ile 166 zilikuwa hatua zangu za dakika moja! Akaisogeza juu ya kile kijifupa cha kifundo kama upana wa vidole viwili, akaikaza isiteleze lakini isibane damu, akafuta jasho na mafuta ya nazi niliyojipaka. Tukakimbia tena, tukasimama, saa 123, vidole 124.

Hatua nazo inazijua kwa mkono unavyocheza. Mama yangu alikaa kwenye mbuzi anakuna nazi mbili akapewa hatua mia nne na hajanyanyuka, halafu binti anayetoka bombani na ndoo kichwani, mkono kaushikilia juu, nusu ya safari haihesabiwi. Hesabu mwenyewe hatua 100 kwa mdomo ndo uangalie saa inasemaje, na umri, uzito, urefu na mkono unaovalia viingizwe vya kweli. Kalori mimi siziangalii tena, Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walipima saa 7, sita zilikuwa vizuri kwenye mapigo lakini kwenye kalori hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, sasa mtu anajiongezea chapati kwa namba ile?

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa afya utafute daktari aeleze haya kwa Kiswahili cha kawaida, na ndugu zetu wauzaji jamani acheni kumwambia mgonjwa saa inapima presha na sukari, mnauza elfu 35 mnaacha familia inahangaika. Mjomba karudi kwenye vidonge, kila Jumatatu anaenda kupima na kadi yake inaandikwa. Saa bado anaivaa, anaangalia muda wa swala na hatua za kwenda msikitini.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara